Kutafuta Pikapu za Nyuzi Saba Nyumbani kwa Mama Mkwe

Tangu Jumapili ile mliponisikia nikipiga gitaa kwa harusi ya Migori, hamnipi nafasi. Mmoja ananiuliza kwa simu, mwingine sokoni, na mwingine alinibana kwenye foleni ya hospitali, mahali ambapo mtu mwenye adabu angeniacha niumwe kwa amani. "Marwa, hiyo sauti umeitoa wapi? Na ulipotelea wapi?" Haya, kaeni. Nitasema mara moja tu. Ouma akiwaambia habari tofauti msimsikilize, kwa sababu yeye ndiye chanzo cha mambo yote haya.

Ntimaru, ambako betri ya pikipiki iligeuzwa

Kwa wale wasiojua, gitaa langu lina nyuzi saba badala ya sita. Uzi wa saba ni mnene, sauti yake iko chini kabisa, na ndio unaotushikia besi tangu mpiga besi wetu alipooa huko Nakuru akasahau njia ya kurudi. Baba yangu hupiga litungu, na litungu lina nyuzi nane. Siku ya kwanza aliliangalia gitaa, akahesabu, akasema, "Bado mmoja," kisha akarudi kwa ng'ombe wake.

Chini ya nyuzi kuna pikapu mbili, vile vijisanduku vyeusi virefu vinavyosikia nyuzi zikitetemeka na kupeleka sauti kwenye amplifaya. Zangu zilikuwa aktivu, yaani ndani yake kuna kimashine kidogo kinachokula betri. Ubaya wake ni hiyo betri. Uzuri wake ni kwamba hazingurumi ovyo, na nyinyi mnazijua harusi zetu: hema, jenereta ya kukodi, na waya ambazo hata panya anaziogopa.

Ouma ni mwimbaji wetu na pia ni dereva wetu, kwa maana kwamba ana pikipiki. Tulikuwa Ntimaru kwa sherehe ya binamu yangu, betri ndogo ya gitaa ikaisha katikati ya wimbo. Duka lilikuwa palepale ng'ambo ya barabara. Lakini Ouma akasema, "Omera, mbona tununue betri ndogo na kuna kubwa imekaa bure kwa pikipiki?" Kabla sijajibu alikuwa ameinua kiti cha pikipiki na kutoa betri. Akachukua vipande viwili vya waya, akaunganisha. Akaunganisha kinyume. Hadi leo anajitetea kwamba waya zote mbili zilikuwa nyekundu.

Nilisikia *tuk*, kisha harufu ya kitu kilichoungua. Shangazi zangu waliokuwa wakicheza wakasimama mguu mmoja hewani.

"Imelala tu," Ouma akasema.

"Imekufa, Ouma."

"Umebadilisha betri?"

Nilibadilisha betri, jamani. Niandikieni hilo mahali. Nilibadilisha siku ileile, mbele ya mashahidi, na bado kila binadamu niliyekutana naye safari nzima aliniuliza swali hilo kwa sura ya mtu aliyegundua dawa. Pikapu zote mbili zilikuwa zimekufa, na harusi ya Migori ilikuwa Jumapili inayofuata.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Nilijua tangu dakika ile ni nani aliye na pikapu za nyuzi saba, katika nchi hii yote kutoka mpakani hadi ziwani. Ni mama yake Atieno.

Atieno mnamfahamu, ni muuguzi hapo Migori, na tumekubaliana kuoana. Mama yake huuza vyombo vya muziki vya mtumba huko Homa Bay, na huvitengeneza mwenyewe. Tulikuwa tumengoja neno lake miezi mingi. Kaka zake Atieno walikuwa wamesema, "Mama aseme kwanza." Mama hakusema ndiyo, hakusema la. Na sisi Wakuria hatumkaribii mama mkwe ovyo. Tuna ensoni, ile aibu ya heshima. Humtazami usoni, huli mbele yake, na ukimwona anakuja njiani unakata kupitia shamba la watu. Waluo, watu wa Atieno, nao wana yao, na nilikuwa nimeambiwa ni kali kuliko yetu. Mimi nitokee kwake kabla wazee wangu hawajafika, mikono mitupu, nimebeba gitaa bovu? Akisema kijana huyu hana adabu, Atieno ameenda. Niliogopa, nawaambia ukweli, niliogopa sana.

Ndiyo sababu tulikwenda Macalder.

Macalder, ambako pikapu zilikuwepo

Pikipiki ya Ouma, tangu itolewe betri na kurudishwa, ilikataa kuwaka kwa kitufe. Ikawa ni ya kusukuma. Mimi nasukuma, yeye anakaa juu anatoa maagizo. Gitaa nililifunga kwa koti la mvua, juu yake gunia la mbolea, nikalibeba mgongoni.

Macalder kuna Okello, ambaye zamani alipiga gitaa nasi kabla dhahabu haijamwita. Yeye pia aliwahi kuwa na gitaa la nyuzi saba, shingo yake ikavunjika, na nilijua pikapu zilibaki. Nilimpigia simu kabla hatujatoka Migori. "Zipo," alisema. "Kujeni tu."

Tulimkuta ameinama juu ya karai, anaosha udongo, suruali imekunjwa hadi magotini. Alitukaribisha vizuri mno. Alituletea chai, akatuletea samaki ngege wa kukaanga, akatuonyesha shimo lake, akatueleza habari za shimo la jirani, ambaye kwa maoni yake ni mwizi. Jua likapanda. Kila nikitaja pikapu anasema, "Kula kwanza." Mtu akikuambia kula kwanza mara nyingi hivyo, jua kuna jambo.

Hatimaye akaingia kwenye kibanda akatoka na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na pikapu mbili, kila moja imepasuliwa vipande kwa patasi.

"Okello," nikasema, "ulisema zipo."

"Si ndizo hizo? Sikusema ni nzima."

Kumbe kazi yao iko hivi. Ukishaosha udongo, unabaki na mchanga mweusi wenye chuma, na dhahabu imejificha humo. Unapitisha sumaku juu yake, chuma kinaruka kwenye sumaku, dhahabu inabaki. Wengi hutumia sumaku ya spika iliyokufa. Ya Okello iliibwa, na yule jirani anahusika. Basi akakumbuka kwamba pikapu za gitaa zina sumaku ndani. Hakukumbuka kwamba hizi za aktivu humiminiwa gundi inayokauka ikawa jiwe. Alipiga patasi mchana kutwa, akapata visumaku viwili vyembamba ambavyo havingeinua hata sindano ya shangazi.

Ouma alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha.

"Lakini Marwa," Okello akaniuliza kwa upole, "umebadilisha betri?"

Nikalibeba gunia langu mgongoni.

"Basi nendeni kwa yule mama wa Homa Bay. Hata hizi nilinunua kwake. Ako na zingine, niliziona kwa kabati. Ni mama mzuri, ana mdomo kidogo tu."

Ouma, ambaye anajua habari za Atieno kuliko mimi mwenyewe, alinigeukia taratibu, meno yote thelathini na mawili nje.

Uriri, ambako kila mtu alikuwa mtaalamu wa wakwe

Tulirudi Migori, tukashika lami kwenda juu. Karibu na Uriri mvua ikatupiga. Tukakimbilia kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akiuza nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na humo walikuwa wamejibanza watu wengine kama sisi. Mama akaliangalia gunia langu.

"Hiyo pampu ya kunyunyizia ng'ombe mnauza?"

Mtu wa kawaida angesema si pampu. Ouma akasema, "Inategemea ng'ombe ni wangapi." Wakaanza kuelewana kwa makini, kupe wa aina gani, dawa ya aina gani, aje lini. Nilipofungua gunia kuonyesha gitaa, mama alikasirika, na alinikasirikia mimi. Ouma alipewa nyoyo sahani ya pili.

Kwa kuwa mvua haikukatika, Ouma aliwasimulia watu wote kibandani tunakokwenda na kwa nani. Hakuacha kitu. Kila mtu akawa na ushauri. Mzee mmoja mwenye mwavuli uliovunjika alisema nikimtazama mama mkwe usoni kabla ya mahari nimeharibu, na itabidi nilipe mbuzi. Mama wa nyoyo, akiwa bado amenuna, alisema Wasabato kama huyo mama mkwe waliacha mambo hayo zamani. Fundi wa baiskeli akasema hawajaacha, wanasema tu wameacha. Kijana mmoja wa Awendo akasema mjomba wake aliwahi kukaa juu ya kiti cha mama mkwe bila kujua, na hadi leo anaishi Tanzania.

Ushauri ukiwa mwingi, mwoga huchagua ule mkali. Nilichagua wa mzee wa mwavuli.

Nikampigia Atieno. "Nenda tu," akasema. "Nitamwambia unakuja, nimweleze na mila zenu kidogo ndio asishtuke. Halafu Marwa, mufike mapema. Ijumaa jua likizama Mama hagusi kazi. Ni Msabato kweli kweli."

"Umweleze mila gani?"

Mtandao ukakatika. Tukalala Uriri kwa shangazi ya Ouma, na asubuhi ya Ijumaa shangazi alikataa katakata tuondoke kabla ya uji, kisha kabla ya chai, kisha kabla ya maombi ya safari, ambayo yalitaja kila kona ya barabara kwa jina. Mbele ya Awendo lori la miwa lilikuwa limelala ubavu, na nusu ya watu waliokuwa wakisaidia kuondoa miwa walikuwa wakiisaidia kwa kuila. Ouma alisaidia pia. Nilimkuta anasaidia kipande cha tatu.

Rodi Kopany, ambako nilifundishwa adabu

Tulipokata kona ya Rongo kuelekea ziwani, jua lilikuwa limepita utosi. Tulisimama Rodi Kopany ninunue sukari na majani ya chai, kwa sababu mikono mitupu hapana.

"Sasa nisikilize," Ouma akasema, amekuwa mwalimu ghafla. "Ukifika, wewe usiingie kwa nyumba. Simama mbali. Mimi ndio nitaongea. Akikuuliza kitu, niambie, mimi namwambia. Akikupea kitu, mimi nachukua."

"Na chakula?"

"Mimi nakula."

Nilimuuliza kama hiyo ni mila ya kweli au ni tumbo lake. Akasema kwamba mambo mengine hayatenganishiki.

Homa Bay, nyuma ya tangi la maji

Nyumba ya mama iko kwenye mteremko, ziwa unaliona chini. Ni nyumba ya mabati, na upande mmoja kuna chumba chenye dirisha kubwa ambacho ndicho karakana yake. Tulipoingia kwenye boma niliona pazia la dirisha likivutwa haraka. Nikasema moyoni, haya basi, nimeshakosa. Nikajitosa nyuma ya tangi la maji, nikachuchumaa.

Ouma akaenda mlangoni, akasalimu, akaingia. Nikasikia sauti ya mwanamke, nzito, haina haraka. Ouma akarudi.

"Mama anasalimia. Anauliza kama tumefika salama, na kama gitaa umelibadilisha betri."

"Mwambie shikamoo. Mwambie nimebadilisha."

Akaenda, akarudi. "Anasema lete gitaa." Nikampa. Nilisikia bisibisi ikifanya kazi, kisha mama akacheka peke yake humo ndani. Ouma akatoka. "Anauliza ni mjinga gani aligeuza betri."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia hatujui."

Baadaye akatoka na sinia lililofunikwa kitambaa safi. Nikadhani ni chakula, na nikajiandaa kukataa kwa heshima huku tumbo likinilaani. Ouma akafunua. Pikapu za kila namna zilikuwa zimepangwa juu ya sinia, mbili mbili. Mama alikuwa ametuma maelezo, na Ouma aliyasema akihesabu kwa vidole asisahau. Za kwanza zina sumaku ya kauri, sauti yake ni kali, kila uzi unasimama peke yake. Za pili sumaku yake ni alniko, ile ya metali mchanganyiko, sauti yake ina joto, ila inalegea kidogo chini. Za tatu hakusema kitu, alisema tu tuangalie.

Ouma alizipenda za tatu. Alichukua moja akaipachika kwenye tundu la gitaa, ikaingia bila kusukumwa. "Mungu amesema," akatangaza, akalirudisha gitaa ndani kwa ushindi. Sauti ya mama ikasikika hadi nje: "Hizo ni za gitaa la besi! Hata mimi naingia ndani ya koti la mjomba wangu, lakini sijakuwa mjomba!"

Ni kweli, jamani, na hilo mlijue kabla hamjauziwa. Nyingi za nyuzi saba zina sanduku la ukubwa uleule wa zile za besi, na tundu halijui tofauti. Mtu anaona imeingia anafurahi. Tena msichanganye pikapu ya betri na isiyo ya betri kwenye vizungushio vilevile vya sauti, mtalia. Hayo mama alimwambia Ouma, na Ouma alipoyaleta kwangu yalikuwa yamekuwa jambo lingine kabisa linalohusu vitunguu. Alikuwa ameletewa sahani ya kuku kule ndani.

Ili tusikie, mama aliunganisha pikapu za kwanza kwa vibanio tu, bila kuchomelea kwa solda. Amplifaya ilikuwa ndani kwake. Basi Ouma akanirudishia gitaa, kebo ikapitishwa dirishani chini ya pazia, ikakatiza ua kati ya kuku, ikanifikia nyuma ya tangi. Mimi napiga nje, sauti inatokea ndani. Ouma yuko katikati na paja la kuku.

Nikapiga. Sauti ilikuwa safi kama maji ya kisima. Ouma akalipeleka gitaa ndani, mama akaweka za alniko, likarudi. Nikapiga tena.

"Hizi za pili!" sauti ikatoka dirishani. "Zile za kwanza zinachuna watu ngozi!"

"Lakini Mama," nikajibu, "hizi za pili uzi wa saba unavimba! Sisi hatuna mpiga besi!"

"Unavimba kwa sababu unaupiga kama unapasua kuni! Piga taratibu."

Nikapiga taratibu. "Bado unavimba, Mama."

"Hebu acha nyuzi zingine zote. Piga huo wa saba na jirani yake peke yao. Piga kitu unachokijua tangu utoto, si hayo ya kuonyesha watu."

Nikafumba macho nikapiga wimbo ambao baba hupiga kwa litungu jioni akiita ng'ombe, ule unaozunguka chini tu, hauendi popote na hauishi. Nilipomaliza mama alisema, "Rudia." Nikarudia. Ouma akalipeleka gitaa tena, mama akabadilisha pikapu, likarudi, akasema, "Rudia tena."

"Nimeelewa," akasema mwishowe. "Wewe una haki nusu na mimi nina haki nusu. Ile ya kauri itakaa karibu na daraja, kule nyuzi zinakofungwa, ndio uzi wako wa saba usivimbe. Ya alniko itakaa karibu na shingo, ndio waimbaji wasikukimbie. Na usipige kwa nguvu, kijana, wimbo wenyewe una nguvu."

"Sawa Mama. Lakini zikichanganyika, moja haitameza nyingine?"

"Nitashusha ya daraja kidogo, iwe mbali na nyuzi. Wewe unadhani nimeanza kazi jana?"

"Hapana Mama, nilikuwa nauliza tu."

"Uliza, uliza. Asiyeuliza ndiye hugeuza betri."

Ouma akafuta mdomo. "Kwani mimi," akasema kwa sauti ya masikitiko makubwa, "kazi yangu imeisha?"

Nikaona nilipo. Nilikuwa nimesimama. Sikuwa nyuma ya tangi tena, nilikuwa katikati ya ua, gitaa kifuani, hatua chache kutoka dirishani, na nilikuwa nimebishana na mama mkwe kwa sauti ya juu kama muuza samaki. Nikageuka kurudi kwenye tangi.

"Unaenda wapi?" mama akauliza.

"Mama nisamehe. Nimevunja heshima. Nilijua mila yenu, nikajisahau."

"Mila yetu?" Pazia likasogea. "Mimi nimejifungia humu tangu mfike, joto linaniua, kwa sababu Atieno alinipigia akasema nyinyi Wakuria mkiona mama mkwe mnapata shida. Nilimwambia hakuna neno, nitajificha, mtoto wa watu asiteseke."

"Mimi nimejificha kwa ajili yako, Mama."

"Na mimi kwa ajili yako!"

Ouma alilala chini, jamani. Alilala kabisa kwenye vumbi, anashika mbavu. Pazia likafunguka, nikamwona kwa mara ya kwanza: mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, chuma cha solda mkononi, jasho linamtiririka, anacheka machozi yanatoka. Nikainamisha macho, maana hata hivyo ensoni ni ensoni, lakini nilicheka nikiwa nimeinama. "Ukuje ule," akasema. "Huyu rafiki yako amemaliza kuku wangu akisema wewe umefunga."

Nilikula kwenye ngazi ya mlango nimempa mgongo nusu, na yeye anachomelea waya ndani huku akinisimulia gitaa lake la kwanza. Aliweka ile ya kauri, akaimaliza. Akaanza ya shingoni. Halafu akatazama ziwani, akazima chuma cha solda, akakiweka chini.

"Sabato imeingia."

"Mama!" Ouma akalia. "Imebaki waya moja!"

"Na kesho jioni itakuwa moja bado. Haitazaa." Akavua miwani. "Mtalala kwa jirani yangu hapo, mzee wa kanisa. Kesho mtaenda kusali na sisi. Jua likizama namaliza, mnaenda kwa harusi yenu."

Ouma alikubali haraka, kwa sababu ya kuku wengine waliokuwa wakipita. Mimi nilimshukuru, nikangoja. Nilidhani labda sasa atasema neno. Tulikuwa tumeongea jioni nzima juu ya sumaku na nyuzi na baba yangu na litungu, lakini kumhusu Atieno hakuwa amesema hata nusu neno. Alitutakia usiku mwema akafunga mlango.

Kitandani kwa jirani nilijigeuza na kujigeuza. Mtu anaweza kupenda muziki wako na bado asikupe binti yake. Watu wa namna hiyo wamejaa.

Jumamosi, kanisani

Asubuhi mama alinitumia shati jeupe la kaka yake Atieno, lenye mikono mifupi kwangu, na tai. Ouma alipewa koti lililomfikia magotini. Sisi Wakatoliki wawili tuliingizwa kwenye shule ya Sabato tukaulizwa maswali ya Biblia, na Ouma, ambaye hajui kunyamaza, alijibu lile la Yona kwa namna iliyofanya watoto waombe arudie.

Kisha tukaingia ibada kuu. Wakwe zangu, kama ni wakwe, walijaza benchi lililokuwa nyuma yetu: mama, shangazi wawili, na kaka zake Atieno wawili ambao walinisalimu kwa kunipima kuanzia viatu. Nilikaa wima. Niliyahisi macho yao kisogoni wimbo mzima.

Baada ya matangazo, yule mzee aliyetulaza akasimama mbele akatabasamu. "Naona leo Mungu ametuletea wageni. Tafadhali, wageni wetu wote wasimame walipo, watuambie majina na wametoka wapi, tuwakaribishe."

Ouma alikuwa wima kabla sentensi haijaisha. Alisema jina lake, jina la baba yake, kijiji, akawashukuru kwa kuku, akaleta salamu za shangazi wa Uriri, akaomba wamwombee pikipiki. Kanisa likacheka, likasema amina.

Ikawa zamu yangu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri. Ningesema mimi ni Marwa, natoka Ntimaru, nimekuja kwa sababu ya gitaa, nami nitaondoka jioni. Maneno ya mteja, ambayo hayamwaibishi mtu yeyote. Nikashika benchi la mbele, nikaanza kuinuka.

Mkono ukanishika shati kutoka nyuma. Ukanivuta chini, kwa nguvu, hadi nikagonga ubao.

"Keti," mama akasema, na hakunong'ona, benchi zote za karibu zilisikia. "Wageni ndio wanasimama."